Mkuyu Hauna Mota

Miaka kumi na tisa nayasukuma maji
kutoka ziwani hadi juu ya mawe ya Igogo.
Pampu nazijua kwa sauti, kama mchungaji
ajuavyo ng'ombe wake gizani kwa kukohoa:
hii beringi zake zimechoka, ile inavuta hewa,
ya tatu ni mgeni, haijayazoea magugu maji.

Basi binti yangu Nyanzobe, kidato cha pili,
aliposoma kwa sauti chini ya taa ya sola
kwamba mti hupandisha maji bila pampu,
niliweka tonge chini.
"Bila mota?"
"Bila."
"Bila vali?"
"Baba, bila."
"Sasa nani anasukuma?"
"Hakuna anayesukuma. Jani linapoteza tone juani,
na tone linaloondoka linalivuta la nyuma yake,
nalo la nyuma yake, mpaka chini mizizini.
Yameshikana. Ni uzi, uzi wa maji."

Niliudhika, nakiri.
Mtu hakeshi zamuni miaka yote hiyo
aje aambiwe na daftari la kurasa themanini
kwamba kupoteza ni namna ya kuvuta.
Kwetu kazini, maji yakipotea unaandikiwa barua.

Akakata ua jeupe la jirani, bila kuomba,
akalisimamisha kwenye glasi ya wino mwekundu.
Alfajiri nilipotoka zamu
petali zilikuwa zimeota mishipa,
myembamba, kama jicho la mtu asiyelala.
Tulitazamana, mimi na lile ua.

Samaki nilimwelewa upesi zaidi.
Mke wangu, Ng'washi, hupasua sangara Mwaloni;
siku moja akaniwekea moyo kiganjani,
wa samaki mzito kuliko mtoto wa miaka miwili,
nao mdogo, unateleza, bado unakumbuka kazi.
Nyanzobe akaeleza: damu ya samaki hupita moyoni mara moja,
kisha matamvuani, kisha mwilini kote,
ikirudi imechoka hoi.
"Laini moja, pampu moja," nikasema.
"Ndiyo maana sangara hapandi mlima."
Sisi wapanda mawe tumejengewa vituo viwili
na ukuta katikati: kimoja cha mapafu, hapo jirani,
kingine cha nyayo, mbali, huko kwenye ngazi.

Kisha zahanati. Muuguzi akamfunga Ng'washi mkono,
akajaza upepo, akasikiliza, akauachia taratibu.
Mia na sabini na nane, kwa mia na nne.
Akaanza kutueleza. Nikamwambia, acha, dada,
hayo nayajua:
bomba la zamani, kutu ndani, njia imebana,
na msukumo uleule mchana na usiku.
Tena hupasuka saa nane za usiku, watu wamelala,
koki zote zimefungwa, maji hayana pa kwenda.
Ng'washi alicheka.
Mimi niliitazama ile geji mpaka ikarudi sifuri.

Alhamisi umeme ulikatika.
Pampu zikanyamaza zote tatu; mlima mzima
bomba zikakohoa upepo, na ndoo zikaanza kushuka.
Sikuwa zamu. Nilikuwa nyuma ya nyumba
penye ule mkuyu uliojipenyeza katikati ya mawe mawili,
mizizi imelalia jiwe kama mishipa mkononi mwa mzee,
na juu, majani mabichi, yanametameta,
hayana habari na mgao.

Nikatazama kama kuna mtu. Nikaweka sikio kwenye gome.
Kimya. Kimya cha mtambo usio na kelele,
ambacho fundi yeyote angekitilia shaka.
Halafu, du, du, du,
nikafurahi, nikabana sikio zaidi,
nikafahamu ni mimi:
ngumi yangu ya nyama, kituo changu,
kinasukuma bila fundi tangu kabla sijazaliwa,
na sijawahi kukipaka grisi.

Mama Sado akapita na ndoo mbili tupu,
akasimama, akanitazama nilivyokumbatia mti.
"Fundi," akauliza, "huyo anasemaje?
Maji yanatoka lini?"